Nyama ya Msiba Mbele ya Uzio

Nakumbuka alasiri moja ya mvua huko Kawetele, mwanangu, nikiwa kijana asiyetulia mahali pamoja. Shule niliiacha mapema. Nilikuwa nimeshachuma chai, nimepakia ndizi kwenye malori, nimechoma matofali, na kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Safari hiyo nilihudumia nguruwe kwenye kituo cha utafiti wa mifugo. Nakusimulia kwa sababu nawe unaanza kazi ya namna hiyo Jumatatu, na najua masharti yao utayaona mzaha, kama nilivyoyaona mimi.

Ukiingia, unavua nguo zako, unaoga, unavaa ovaroli na buti za humo humo. Ukitoka kwenye nyumba ya nje yenye nguruwe, huingii kituoni kwa siku kadhaa. Nyama ya nguruwe ya nje haivuki uzio, iwe mbichi au imepikwa.

Wakati ule homa ya nguruwe ilikuwa imeingia vijiji vya upande wa Masoko. Homa ile haimdhuru mtu, lakini haina dawa, na ikiingia bandani inafagia. Kwa hiyo mimi niliwekwa nilale ndani ya kituo, nisitoke kabisa. Mzee Ambokile, mkuu wetu wa wahudumu, alikuwa ametoka kumzika kaka yake huko huko Masoko. Kwa masharti hayo hakuweza kuingia, akawa anakuja kusimama nje ya uzio kuulizia wanyama.

Siku hiyo nguruwe jike mmoja alishikwa na uchungu tangu asubuhi. Akazaa mtoto mmoja, kisha akawa anasukuma tu, hakuna kinachotoka. Mimi sikuwahi kumzalisha hata paka.

"Mzee, ingia," nikamwambia. "Utaoga hapa. Ufunguo ninao mimi, nani atajua?"

"Nguruwe watajua," akajibu.

Pembeni yake alisimama daktari wetu wa mifugo, mama mmoja wa Kagera, ametoka kuchukua damu za nguruwe wagonjwa vijijini. Nikamgeukia yeye. "Daktari, basi wewe?"

"Mimi ndiye niliyeyabandika hayo masharti mlangoni. Leo yananibana mwenyewe, niyabandue?"

Tukiwa katika hali hiyo, akatokea mama Subilaga, dada wa mzee Ambokile, na kikapu kichwani. Unajua misiba yetu: asiyefika anapelekewa fungu lake la nyama, na kulikataa ni kama kusema marehemu hakuwa wako. Msiba ule ng'ombe hakutosha, wakaongeza nguruwe, maana watu waliposikia homa inakuja walikuwa wakiharakisha kuchinja.

"Gwe kijana," akasema mama, akitoa nyama ya nguruwe iliyopikwa, imefungwa kwa jani la mgomba, "umemlilia kaka yangu kwa mbali. Pokea fungu lako."

Nilikuwa nimekula maharage mpaka nimeyachukia. Nikanyoosha mkono juu ya uzio.

"Rudisha mkono!"

Sikuwahi kumsikia mzee Ambokile akipaza sauti. Mama Subilaga akamgeukia. "Ambokile, unamnyima mtu nyama ya msiba? Unataka waseme tumemzika kaka yetu kwa uchoyo?"

"Waseme. Fungu lake nalila mimi, hapa hapa mbele yako, na lawama nazila pamoja nalo." Kisha akaniangalia. "Mkono huo ndio utakaoingia kwa yule mzazi sasa hivi. Jani hili lilitandikwa wapi wakati wa kuchinja, unajua? Mimi sijui, na nilikuwepo."

Akala amesimama kwenye mvua. Mama Subilaga alinuna kidogo, halafu cheko likamtoka. "Kula tu. Tangu utotoni unatafuta sababu ya kula mara mbili."

Banda la kuzalia lilikuwa karibu na uzio, tukaweza kusikiana. Daktari alinielekeza: nawa mpaka kiwikoni, vaa glavu ndefu, paka sabuni. Mzee akanieleza mkono wangu utakutana na nini. Mtoto alikuwa amelala amekingama njiani.

"Usishindane naye," mzee akasema. "Mama akisukuma, wewe tulia. Akipumzika, mrudishe ndani polepole, umgeuze."

Aliyekwama alitoka amekufa. Waliomfuata walitoka wazima, mmoja baada ya mwingine, na mama yao akawakoromea.

Homa ile iliacha mabanda mengi matupu mpaka jirani kabisa na uzio wetu. Kwetu hakuanguka hata nguruwe mmoja. Watu waliporuhusiwa kufuga tena, mbegu safi ilitoka kwetu.

Mwanangu, atakayekuletea ugonjwa hatakuja kama mwizi. Atakuwa shangazi mwenye zawadi, rafiki anayetaka kuchungulia, au bosi mwenye haraka na wageni wake. Mkatalie kwa heshima, na lawama ibebe wewe, usimwachie mdogo wako wa kazi. Oga hata siku ambayo hakuna anayekutazama. Kama umegusa usichopaswa kugusa, sema kabla hujaingia, siyo baada. Sharti usilolielewa liulizie, mimi niliuliza kila kitu na sijutii, lakini wakati unasubiri jibu, litii. Na ukiwa unahudumia nguruwe kazini, usifuge nguruwe nyumbani. Chagua moja.

Nenda sasa. Mungu aitunze mikono yako, usipungukiwe na kazi wala ujasiri wa kusema hapana, na kila asubuhi utakapofungua banda, uwakute wazima uliowaacha wazima.