Dirisha la Mshtakiwa

Mama huyo alikuja mahakamani kwetu mara ya kwanza akiwa na bendeji kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Shemeji yake, ndugu ya marehemu mume wake, alikuwa amemkata kwa panga kwenye mpaka wa shamba la kahawa, upande wa Kangundo. Shemeji alikuwa rumande. Mama alikuwa tayari kutoa ushahidi, ila alimwomba hakimu kitu kimoja: asimwone shemeji huyo uso.

"Sauti yake nitavumilia," alisema. "Lakini nikiona macho yake, maneno yananikauka."

Hakimu alikubali. Mama angezungumza kutoka chumba kidogo cha nyuma, mbele ya kompyuta. Mshtakiwa angeunganishwa kwa video kutoka gerezani, naye hakimu angekaa ukumbini kama kawaida. Mimi ndiye ninayeshughulikia kompyuta za mahakama, kwa hivyo chumba kile kikawa mzigo wangu.

Tulifanya jaribio siku moja kabla. Kompyuta ilikuwa kuukuu, skrini ni moja tu, na nilihitaji madirisha mengi: la hakimu, la gereza, la picha za jeraha, la kurekodi, na la ujumbe kutoka kwa karani. Yalirundikana moja juu ya jingine kama mitumba siku ya soko kule Tala. Baya zaidi, programu yetu ya vikao ilimpa kila mshiriki dirisha lake, na anayetoa sauti, dirisha lake liliruka mbele. Askari wa gereza alikohoa tu, akajaa kwenye skrini nzima, na nyuma yake likaonekana benchi ambalo mshtakiwa angekalia.

Benchi lilikuwa tupu. Hata hivyo mama aliinuka, akatoka nje hadi kwenye veranda, akashika nguzo kwa ule mkono mzima.

Nilimfuata. "Mwaitu," nikamwita, vile tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba, "yule ni askari tu."

"Leo ni askari. Kesho itakuwa yeye. Unaweza kuniahidi hatatokea?"

Sikuahidi. Nilimwambia nitajitahidi, na niliona jinsi jibu hilo lilivyomfikia. Akachukua mfuko wake akaondoka bila kuaga.

Mchana wote nilikaa na ile mashine. Niliandika skripti fupi, mistari michache ya maagizo, iliyokagua majina ya madirisha yote yaliyo wazi. La hakimu ililipanua katikati. Lolote lenye neno "gereza" kwenye jina lake ililitupa kwenye meza ya pili ya kompyuta, ile isiyoonekana mpaka uiite. Nikaifungia kwenye kitufe kimoja. Nilimpigia askari simu, nikamwomba azungumze, akohoe, apige makofi. Kila mara dirisha lake lilichomoza, nami nikabonyeza, likapotea. Nilirudia mpaka askari akaniuliza kama niko sawa.

Asubuhi yake mama alifika amevaa gauni la kanisani. Sikuwa na uhakika kwamba angekuja. Alikaa, akaniangalia mimi kwanza kabla ya kuangalia skrini. Hakimu alikuwa katikati, mkubwa, peke yake. Mama akaapa, akaanza.

Alizungumza vizuri. Alieleza jinsi alivyosikia matawi yakikatwa jioni, akatoka kuangalia. Vidole vyangu vilikuwa juu ya kibodi na mabega yangu yalikuwa yameanza kuuma. Alipofika mahali panga lilipoinuliwa, karani akaniandikia: gereza wamepotea. Hakimu naye akasema tungoje kidogo, mshtakiwa lazima asikie kila kitu.

Tukangoja. Mama alikuwa anapumua kwa mdomo.

Kisha dirisha jipya likaanza kufunguka. Kompyuta ya gereza ilikuwa imezima, na askari, kwa nia njema, alikuwa ameunganisha kwa simu yake mwenyewe. Juu ya dirisha hakukuwa na neno "gereza", bali aina ya simu. Nilibonyeza kitufe changu. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena. Fremu ilikuwa nyeusi bado, picha ikijivuta kuja, na katikati ya weusi kile kiduara cha kungoja kilikuwa kinazunguka. Kona moja ikaanza kupata rangi, ukuta wa kijivu na bega la mtu.

Nikashika kitufe cha Windows na D kwa pamoja. Madirisha yote yakashuka, la hakimu likiwemo. Ikabaki skrini tupu ya buluu.

"Shahidi, unanisikia?" hakimu aliuliza.

"Nakusikia, mheshimiwa."

"Unaniona?"

Mama alinigeukia. Nilitikisa kichwa.

"Sikuoni."

"Tusimame kidogo warekebishe?"

"Nikisimama sitaanza tena," mama alisema. "Niache hivi hivi."

Hakimu akamwambia aendelee. Mama akaendelea, macho yake kwenye ile buluu. Mimi sikuthubutu kugusa kipanya.

Ulipofika wakati wa maswali, mshtakiwa, ambaye hakuwa na wakili, alizungumza mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyotarajia. Dirisha lake lilijaribu kuinuka likashindwa, na kwenye ule mstari wa chini wa skrini jina la simu likaanza kuwaka rangi ya chungwa, likizima na kuwaka.

"Hiyo inawaka ni nini?" mama aliniuliza kwa kunong'ona. "Ni yeye?"

Nikaitikia kwa kichwa. Alitoa kitambaa mfukoni, akakitandaza juu ya ukingo wa chini wa skrini, akakibana na kibodi. Mwanga wa chungwa ukafifia nyuma ya maua ya kitambaa.

"Kulikuwa na giza," mshtakiwa alisema. "Shemeji yangu huyu anawezaje kujua ni mimi?"

"Ulikuwa umevaa jaketi ya mume wangu," mama alijibu. "Mimi ndiye nilikupatia siku ya matanga."

Hakimu akamkumbusha kuielekezea mahakama majibu yake. Hakukuwa na swali jingine.

Nilipozima kompyuta, mama hakuinuka. Aliniomba nifungue mlango nitazame kwenye korido. Sote wawili tulijua mtu yule alikuwa nyuma ya kuta za gereza. Nilifungua nikatazama pande zote mbili, nikamwambia hakuna mtu, ndipo akasimama.

Siku ya hukumu hakuja. Binti yake ndiye aliyekaa ukumbini, kwenye benchi la nyuma, akiwa na simu mkononi. Siku hiyo uso wa mshtakiwa ulitakiwa kuonekana na kila mtu, nami nikaliweka dirisha lake mbele kwa mkono wangu, nikabaki nimesimama karibu na kibodi bila sababu. Hakimu alimpata na hatia, akampa kifungo. Binti alitoka nje kabla hatujaambiwa tusimame. Kupitia mlangoni nilimsikia akisema, "Amefungwa. Mama, unanisikia? Amefungwa."