Mifumo Mitano Ndani ya Laptopu Moja

Laptopu yangu niliipata Ras Kitau, ng'ambo ya Shela, nilipokuwa nikifanya kazi ya mapokezi katika loji moja. Walikuwa wakibadilisha mashine zao, na hii ilikuwa imewekwa kando itupwe kwa sababu kibodi yake ilikosa herufi mbili. Nikaiomba, nikapewa. Niliifunga kwa leso, nikavuka nayo nimeipakata kama mtoto mchanga, na tangu siku hiyo watu wananicheka.

Wacheke. Mashine ile ina mifumo endeshi mitano ndani yake, na yote mitano inawaka. Wa kwanza ni ule wa zamani wenye picha ya kilima cha kijani na mawingu, ambao niliikuta nao. Wa pili ulikuwa na madoido mengi na uvivu mwingi zaidi. Wa tatu ndio niliopendana nao. Wa nne ulichukua muda wa kuosha vyombo mpaka uwake, na wa tano ni ule wa bure, mwepesi, ambao watu huutia kwenye mashine kuukuu ili zipumue. Kila ulipotoka mpya, wenzangu walifuta wa zamani. Mimi sikufuta hata mmoja. Nimekulia Amu, yaani Lamu, ambako binti akiolewa babake humwongezea ghorofa juu ya nyumba, na hakuna anayebomoa ya chini kwa sababu ya juu imefika. Basi niliigawanya diski mafungu matano, kila mfumo ukawa na chumba chake.

Baba yangu ni fundi wa kuchonga milango. Zamani mkono wake ulipokuwa mzima, nilimshawishi anichoree nakshi zake kwenye karatasi. Nami nikazifuatisha kwa kipanya, mstari baada ya mstari, katika programu ndogo ya kuchorea iliyokuwamo kwenye ule mfumo wa kwanza. Alikuwa akisimama nyuma yangu akinigombeza kwamba kipanya hakina adabu. Karatasi zenyewe baadaye zililiwa na mchwa, na mwaka juzi kiharusi kikamchukua Baba upande wa kulia. Ulimi alibakishiwa wote, alhamdulillahi, na anautumia.

Sasa mdogo wangu, kitinda mimba, akaposwa. Ghorofa yake ikaezekwa, ikabaki mlango. Mimi mlango wangu alinichongea Baba mwenyewe, na siku nilipoolewa aliniahidi mbele ya mama kwamba wa mdogo wangu utakuwa na nakshi yake peke yake, ambayo haiko kwenye nyumba nyingine yoyote. Nakshi hiyo alikwisha kuibuni. Ilikuwa ndani ya laptopu yangu, na haikuwa kwingine kokote. Nakala sikuwa nayo. Msiniulize kwa nini, najiuliza mwenyewe.

Fundi aliyefundishwa na Baba, ambaye sasa ana karakana yake, alikwisha kupasua mbao za mbambakofi. Akaja nyumbani kwa heshima zote, akasema anaondoka mwisho wa mwezi kwenda kazini Manda, kwa hiyo mchoro ukifika Alhamisi hii atauchonga huo. Usipofika, atachonga maua yale anayowachongea watu wa mahoteli. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu ataingia nyumbani kwake kwa mlango wa hoteli," akasema. "Na mimi ni hai, naona."

Ilikuwa Jumatatu. Nikaiwasha laptopu dukani kwangu, ninakochapa barua na kutoa fotokopi, nikauchagua mfumo wa kwanza kufungua programu ile ya kuchorea, maana faili zake hazifunguki kwa nyingine. Ukafika nusu ukazima. Nikarudia mara nne, ukazima mara nne. Nikatoa sidii yake ya zamani, nikaanza kuutengeneza.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya. Mashine ikiwashwa, ni lazima mfumo mmoja ushike zamu ya kuwasha na kukuonyesha orodha ya wenziwe, uchague. Zamu hiyo ilikuwa ya wa tano, na siku zote ilinikera. Kwetu mgeni akifika barazani hupokewa na mkubwa, mdogo hajitangulizi. Basi nilipomaliza kuutengeneza ule wa kwanza nikasema, ngoja leo nimpe mkubwa haki yake, nikaandika amri ya kumkabidhi zamu ya kuwasha.

Nikazima, nikawasha. Kilima kikatokea kizuri, na programu ya kuchorea ikafunguka vizuri. Lakini orodha haikutokea. Mifumo minne ilikuwa imepotea, na faili la mlango nilikuwa nimelihamishia katika chumba cha wa tano, kwa kuwa ndicho kikubwa. Nilipokibonyeza kile chumba, mashine ikaniambia kwamba haikitambui, na ikaniuliza kama ningependa kifutwe kitengenezwe upya. Niliogopa hata kupumua karibu na kile kitufe cha kukubali.

Alikuwepo dukani mwalimu mmoja kutoka bara, anayefundisha kompyuta chuoni, akisubiri fotokopi za mtihani. Akainama akatazama, kidole kikielekea kile kitufe.

"Madam, pole, hiyo partition imeenda," akasema. "Lakini ukweli, hii laptop ni ya museum. Kubali i-format, nikuwekee system moja mpya, hizi zingine zote tuachane nazo."

"Mwalimu," nikamwambia, "kwanza toa kidole chako hapo."

Nikabonyeza kukataa, nikafunga duka, nikaenda kukaa na hasira zangu. Siku mbili nilijaribu kila nilichokijua. Jumatano adhuhuri, Baba akaniuliza mchoro uko wapi, nikashindwa kumdanganya. Nikamweleza yote, kwamba nilimpa mkubwa mlango na mkubwa akadai hawajui wenziwe.

"Atawayuaye?" Baba akaniuliza kwa ukali. "Wamezawa nyuma yake. Kwani babu yangu akifufuka leo akaketi hapo nde barazani, ataniyua mimi ni nani? Na mdogo wako yeye awayua wote, tangu babu hata wewe. Mwenye kuyua watu ndiye wa kuwekwa mlangoni, mwanangu. Heshima mpeni mkubwa ndani."

Niliondoka bila kuvaa viatu sawasawa. Mwalimu nilimkuta chuoni, nikamwomba flashi tupu, akanipa huku akitikisa kichwa na kunifuata ili ashuhudie maziko. Kwa kompyuta ya dukani nilipakua nakala mpya ya ule mfumo wa tano wa bure, nikaitia kwenye flashi, nikaiwasha laptopu kwa flashi hiyo, nikaingia chumba cha wa tano kwa mlango wa nyuma. Faili zote zilikuwamo. Nikaurudishia zamu yake ya kuwasha, kisha nikauambia utafute wenziwe. Ukaanza kuwataja: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kila mmoja kwa jina lake na chumba chake. Nikazima, nikawasha. Orodha ya mitano ikatokea. Nilipiga kigelegele kile cha harusini, hadi muuza samosa wa jirani akaingia kuuliza nani kaolewa.

"Madam, wewe ni noma," mwalimu akasema. Aliirudia kauli hiyo kwa kila mteja aliyeingia mpaka nikamfukuza.

Nikalihamishia faili kwa mkubwa, programu ikalifungua, na nakshi ya Baba ikajaa kwenye kioo. Nilikuwa nimesahau uzuri wake. Niliichapa kwa ukubwa wa mlango wenyewe, karatasi thelathini na moja, nikaziunga kwa gundi.

Alhamisi asubuhi tuliutandaza mchoro karakanani juu ya mbao. Baba tulimkalisha kitini. Akaupitia mchoro kuanzia chini, kisha akauinua mkono wa kushoto, akaonyesha kizingiti cha juu.

"Hili yani silo. Nilikosa."

Fundi akamwambia halionekani kosa. Baba akadai kalamu ya risasi. Tangu augue hakuwahi kuishika, na kwa kushoto hakuwahi maishani. Akainama, akachora jani jipya juu ya lile la zamani, polepole, ulimi umetoka kidogo. Mstari ukaja umepinda.

"Nifuate karatasi, Maalim, au nifuate hili?" fundi akauliza.

"Fuata mkono wangu."

Fundi akachukua patasi akachonga jani lile la kwanza kabla ya mengine yote, limepinda vilevile. Mimi nililia mbele ya watu na sikujificha. Baba alikwisha kuhamia kwenye jani la pili. Alilikazia macho, akaikagua ile kalamu, akanirushia.

"Niletea nyengine," akasema. "Hini ni butu, na kazi ingaliko."