Picha ya Jicho la Mama

Mama alipoanza kumimina uji nje ya kikombe, tulidhani ni uzee. Nilimtoa kijijini kwetu Chemba nikampeleka Dodoma mjini, kwenye kliniki ya mtu binafsi, maana biashara huria ilikuwa imeanza kutuletea hata hizo. Walikuwa na mashine ya kupiga picha ndani ya jicho.

Mama aliegemeza kidevu, mwanga ukammulika. Kisha daktari akatuonyesha picha: duara jekundu, na katikati yake weupe mkubwa.

“Ni presha ya macho, mama,” akasema taratibu. “Weupe huu ni mshipa wa kuonea uliokufa. Haufufuki.”

“Nikirudi kutibiwa baada ya mavuno?” mama akauliza.

“Hata leo tumechelewa, mama yangu. Dawa italinda kidogo kilichobaki.”

Akanigeukia mimi. “Ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Kaa hapa.”

Nilikaa bila wasiwasi, kwani nilikuwa nikisoma hata maandishi madogo. Picha ikaonyesha mshipa wa jicho langu la kulia umeanza kuliwa. Akanipa dawa ya matone, akaniagiza nirudi kila mwaka wapige picha nyingine, walinganishe.

Mwaka uliofuata nilikuta kliniki imefungwa. Jirani akaniambia mashine imehamishiwa Dar es Salaam. Dawa nayo ikawa haipatikani.

Mama akapofuka kabisa. Siku moja, tukiwa tumekaa uani, aliniuliza, “Na wewe mwanangu, unaona vizuri?”

“Naona, mama,” nikamjibu, huku nikigeuza shingo ili nimtazame kwa jicho la kushoto.