Makala Katika Mtungi

Darasa la sita la Mwalimu Odile halikuwa na kitabu hata kimoja. Serikali ya Zaire ilikuwa imeviahidi, havikufika. Kwa hiyo Odile alifundisha kwa magazeti ya Kigoma, Tanzania, yale ambayo wachuuzi wa bandari ya Kalemie walifungia sabuni. Hakutaka siasa wala mpira. Alikata habari za sayansi tu: kwa nini mwezi hupatwa, samaki hupumua vipi. Mtoto alisoma kimya, akageuza karatasi, kisha akaeleza kwa maneno yake mwenyewe. Odile hakumfafanulia kitu. Aliamini kwamba anayesaidiwa kila neno hajifunzi kuelewa.

"Sitwayeni Odile," mkurugenzi wa shule, Papa Hippolyte, alimwambia mbele ya darasa, akimwita raia kwa Kifaransa kama serikali ilivyotaka, "mtihani wa serikali hautauliza samaki anapumua vipi."

"Utauliza kama mtoto anaelewa anachosoma, Papa."

"Basi wataelewa sabuni."

Watoto wakacheka, na Odile akacheka nao.

Kisha kipindupindu kikarudi, na madawati yakaanza kubaki wazi. Odile alizunguka kwa wachuuzi mpaka akapata ukurasa wenye habari ya ugonjwa ule. Akampa Denise, msomaji wake hodari, akamsomee mama yake, Angélique, ambaye hakujua kusoma. Ukurasa ulianza hivi: "Makala haya yataisaidia familia yako kupata maji salama." Chini yake vilielezwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na jinsi ya kuchemsha maji.

Wiki iliyofuata Denise hakuonekana shuleni. Odile akaenda kwao asubuhi. Cyrille, mdogo wake Denise, alikuwa amekaa mlangoni. Ndani, Angélique alilala kwenye mkeka, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana. Denise alikuwa anamnywesha kwa kikombe. Maji yalikuwa na ungaunga mweusi.

"Hii ni nini?"

"Makala, Mwalimu. Njo vile gazeti lilisema."

Odile akafunua mtungi. Vipande vya mkaa vilikuwa vinaelea.

Kalemie yote huuita mkaa makala. Kigoma, ng'ambo ya ziwa, makala ni habari iliyoandikwa gazetini. Odile alikuwa amesoma magazeti yale miaka mingi hata akasahau kwamba zamani neno lile lilimshangaza yeye mwenyewe.

"Na kuchemsha?"

"Alinisomea, Mwalimu," Angélique alisema kwa sauti iliyokauka. "Lakini kuchemsha kunamaliza makala, tutapikia nini? Huyu akaniambia makala yenyewe yanasaidia maji, tuyatie tu." Akajaribu kutabasamu. "Mutoto wangu anasoma vizuri, eh?"

"Anasoma vizuri, Mama."

Edouard, jirani yao, alimbeba kwa baiskeli hadi hospitali, Odile akimshikilia ubavuni na Denise akifuata nyuma. Dripu zilikuwa zimekwisha. Muuguzi alileta maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari, lakini Angélique hakuweza tena kumeza. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Denise alitoka nje, akakaa chini ukutani. Hakulia.

"Mwalimu," akauliza, "niliweka machache?"

Odile akakaa karibu naye. Angeweza kusema hapana, kisha anyamaze. Mtoto angepumzika, angalau leo. Lakini angerudi nyumbani na kuongeza makala katika mtungi uleule.

"Mwanangu, neno lile lina maana mbili." Akamshika mikono, iliyokuwa bado myeusi kwa mkaa. "Kwenye gazeti si makala ya kupikia. Ni habari yenyewe, ile uliyosoma. Mkaa hauui vijidudu. Ni moto tu unaoviua. Mimi sikukuambia."

Denise akaichomoa mikono yake.

"Cyrille amekunywa maji yale asubuhi," alisema, akasimama akaanza kukimbia.

Odile akavua viatu, akamkimbilia.