Picha ya Ubavu Niliyoificha

Nimekosa, na aliyeumia zaidi si mimi. Nihukumuni, ila nisikilizeni kwanza.

Nilikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali moja huku Singida. Chuo sikukiona. Nilijifunza kwa vitabu vya kuazima, na nilijivunia hilo mno!

Kisha akaletwa Yona, kijana aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam. Ghafla kila mtu, "Muulizeni Yona." Jamani, wivu! Hata akiniamkia shikamoo niliona ananicheka.

Siku moja akaletwa mkulima wa Iguguno. Punda wa kijiji cha ujamaa alikuwa amempiga teke la paji la uso. Nilipiga picha ya mbele. Mfupa ulikuwa umebonyea juu ya nyusi, pale penye uwazi wa hewa ndani ya mfupa.

"Mzee, tupige na ya ubavu wa kichwa," Yona akasema, "tuone ukuta wa nyuma wa uwazi huo."

Aliipiga yeye. Nikaisafisha mwenyewe katika chumba cha giza. Ukuta wa nyuma, ule unaokinga ubongo, ulikuwa umevunjika! Picha yangu haikuonyesha hilo hata kidogo.

Niliificha ile ya Yona.

"Na ile ya ubavu?" Daktari akauliza.

"Yona kaiharibu."

"Basi nipige nyingine," Yona akasema.

"Filamu ni mali ya taifa, si ya baba yako! Utanibishia mbele ya Daktari?"

Akainamisha kichwa. "Samahani, mzee." Nilijua angenyamaza. Kwetu kijana hambishi mkubwa mbele za watu, nami nikaitumia heshima ile kumziba mdomo.

Daktari akainua mfupa wa mbele, akashona. Ukuta wa nyuma hakuugusa, maana hakuambiwa. Baadaye maji maangavu ya ubongo yakaanza kumtoka mgonjwa puani. Ikafuata homa, shingo ikakakamaa.

Hapo ndipo nilipoitoa ile picha. Daktari akaiinua kwenye mwanga. Hakunifokea.

"Funguo, ndugu," akasema. Nikampa funguo za chumba cha giza. Akamkabidhi Yona.

Mkulima alipona homa, lakini hamtambui tena mkewe. Humwita mama, humwomba amrudishe nyumbani, nao wako nyumbani.

Ninyi mnaofanya kazi na vijana, kijana akikuzidi, mwache akuzidi! Uchungu wake umeze mwenyewe. Wangu nilimmezesha mtu aliyekuja kwetu kutibiwa.