Mkono wa Mume Wangu na Daktari wa Kwaya

Mume wangu alikuwa fundi wa magari Gikondo, na mkono wake wa kulia ndio uliotulisha. Yeye alikulia Bujumbura, mimi Karagwe. Tulipokutana Kigali Kinyarwanda changu kilikuwa kinachechemea na chake kilikuwa kimejaa Kirundi, basi tukachumbiana kwa Kiswahili, na hadi leo tukigombana tunagombana kwa Kiswahili.

Siku gia boksi ilipowaponyoka yeye na wenzake ikamwangukia, mfupa wa kigasha ulivunjika. Haikuwa ajali ya kumpotezea mtu mkono. Nilimfikisha hospitali mchana uleule. Daktari aliyetupokea alikuwa mtanashati, mwenye haraka; akaiangalia picha, akasema hiyo ni kazi ndogo. Akamfunga hogo, ile plasta nyeupe ya kuunga mifupa, toka juu ya kiwiko hadi mizizi ya vidole, akaagiza alazwe.

Asubuhi yake vidole vilikuwa vimevimba hadi ngozi inang'aa.

"Mama watoto," mume wangu akaniambia, "hii kitu inanibana. Waambie wafungue."

Nilimwambia nesi. Akasema kuvimba ni kawaida. Nikarudi tena, naye akampigia daktari simu nikiwa nimesimama mbele yake. Sauti ya upande wa pili niliisikia vizuri, ilikuwa inacheka.

"Mpe dawa ya maumivu. Wanaume wa gereji wanaogopa kuliko watoto."

Nesi aliona haya, akageukia dirishani. Alimpa dawa. Mchana maumivu yakaisha, nami nikamshukuru Mungu, nisijue kwamba mkono umenyamaza kwa sababu unakufa. Vidole vikawa baridi, vikabadilika rangi. Daktari alipofika siku iliyofuata na kuikata ile plasta, harufu ilitoka hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani akajifunika shuka. Daktari alisema neno moja tu la kusikitika: "Yoo." Wakaukata mkono chini ya kiwiko.

Mume wangu alipopata nguvu ya kukaa nyumbani peke yake, nilianza kwenda kwa mkurugenzi wa hospitali. Mara ya kwanza alinikaribisha kiti, akaongea kwa upole.

"Mama, kwa taarifa niliyonayo, mgonjwa alichelewa kuletwa."

"Nani alichelewa? Mimi ndiye niliyemleta."

"Tunaelewa uchungu wako."

"Sijakuuliza habari ya uchungu wangu. Nimeuliza nani alichelewa."

Akasema watachunguza. Nilirudi mara nyingi, mpaka mlinzi wa getini akaacha kunipekua mkoba. Katibu alikuwa ananiambia bosi yuko mkutanoni huku mimi namwona bosi kupitia kioo cha mlango, anakula karanga.

"Reka," mume wangu alikuwa ananiambia jioni. Acha. "Mkono hautarudi."

"Najua hautarudi. Basi na huyo daktari apoteze kitu."

Nilisema hivyo na nilimaanisha. Nilikuwa nikipima vitenge dukani kwangu Muhima huku namwombea yule mtu mabaya, moja baada ya jingine, kama wengine wanavyosali rozari.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyeniambia kuwa daktari huyo anaimba kwenye kwaya ya kanisa lao, Gikondo hukohuko. Jumapili nikaenda, nikakaa nyuma. Nilimwona mstari wa mbele, suti ya kijivu, amefumba macho na kunyanyua mikono yote miwili juu, vidole vimetanuka. Sijui watu waliimba nini siku ile. Mimi nilikuwa naitazama mikono.

Wiki nzima nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati, kwa Kinyarwanda, ili asipatikane mtu wa kuucheka ulimi wangu. Jumapili iliyofuata pasta alipowaita wenye ushuhuda, nilitoka mbele, nikapokea kipaza sauti.

"Bwana asifiwe," nikasema, na kanisa likaitikia. "Namshukuru Mungu kwa kuwa mume wangu yuko hai. Namshukuru na huyu ndugu yenu aliyesimama hapa kwenye kwaya, aliyemfunga mume wangu plasta ikaua mkono wake. Alipoombwa aje aifungue alicheka kwenye simu. Hospitali inasema tulichelewa. Ndugu, jitokeze useme kama tulichelewa."

Kinanda kilikuwa bado kinapigwa pole pole, kikakoma. Daktari akajishughulisha na kifungo cha suti yake. Mwanamke mmoja wa kwaya aliyekuwa amesimama karibu naye alisogea pembeni, hatua ndogo tu, lakini niliiona, na sijawahi kupewa zawadi tamu kuliko ile. Pasta alininyang'anya kipaza sauti kwa adabu. Nilitoka kwa mlango mkubwa, katikati ya watu.

Siku chache baadaye walikuja nyumbani: wazee wawili wa kanisa, daktari, na mke wake. Mgeni hanyimwi kinywaji, hata kama ni adui. Niliwapa wazee soda, nikampa mke wake, nikampa mume wangu. Daktari sikumpa. Kila mtu aliona.

Mzee wa kwanza alizungumza kirefu juu ya msamaha. Nchi hii, alisema, imejengwa upya na watu waliosameheana makubwa kuliko haya.

"Mzee wangu," nikamjibu, "hao walisamehe watu waliosema walichofanya. Huyu hajasema."

Mume wangu alikuwa ameibana chupa katikati ya mapaja, anahangaika na kifungulio kwa mkono wa kushoto. Daktari akainuka kumsaidia.

"Muache," nikasema. "Kaa chini. Useme."

Mume wangu akapambana na ile chupa hadi kizibo kikaruka. Soda ilimmwagikia suruali. Nadhani ndicho kilichomshinda yule mtu, maana aliinamisha kichwa akaanza. Alisema plasta aliibana mno, na kwa jeraha jipya alipaswa kuacha nafasi. Alisema aliambiwa habari za vidole akiwa kwenye sherehe, hakutaka kutoka. Alisema mkurugenzi alimshauri aandike kwamba tulichelewa.

"Mwambie yeye," nikamwonyesha mume wangu. "Mimi nina mikono miwili."

Akarudia yote, anamtazama mume wangu usoni. Mke wake alikuwa analia, na soda yake hakuigusa. Sikumhurumia. Mume wangu alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa," akaingia chumbani kubadilisha suruali.

Wazee walifikiri yameisha. Asubuhi yake nilikuwa tena mlangoni kwa mkurugenzi, na safari hii niliongozana na mmoja wao. Nilimwambia: umesikia kwa masikio yako, sasa njoo useme ulichosikia. Alikuja, haki yake nimpe. Alikuwa na hasira kwa kudanganywa na daktari kwamba tulichelewa. Katibu hakuthubutu kutuambia habari ya mkutano.

Kamati ya hospitali ilikaa na kumsimamisha daktari kazi. Mkurugenzi alihamishwa, walisema ni utaratibu wa kawaida. Barua ya kutuomba radhi ilisomwa mbele yetu na mwanamama mwenye miwani, kwa sauti ya kutangaza vifo. Alipomaliza nilimwomba aisome tena.

"Kuna kitu hukuelewa, mama?"

"Nimeelewa yote."

Akaisoma tena. Mume wangu alinigusa goti kunituliza, lakini sikuwa nalia. Nilikuwa nasikia raha.

Siku hizi yeye anasimamia wenzake gereji, anasikiliza injini na kuwaambia kilichoharibika. Bado ananiambia reka. Daktari amerudi kazini, kwenye hospitali nyingine, upande wa pili wa mji. Najua ni ipi, na najua zamu zake.