Vidonge vya Kumpa Pole Bibi

Nakumbuka adhuhuri moja hapa Ujiji, mwanangu, bibi yangu Tausi alipowakaribisha ndani watu ambao sisi wengine hatukuwaona. Mlango ulikuwa wazi, jua limejaa uani. Akajisogeza ukutani kuwapa nafasi, akaniambia, "Zuhura, watandikie mkeka. Wamelowa hawa."

Mama akacheka. "Mama, hapo hapana mtu."

"Nyamaza, usiwaaibishe wageni."

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, mashua zikivuka kutoka Kongo, na nyingine hazikufika. Tulimpokea nyumbani Mama Neema, ambaye dada yake alizama njiani. Bibi akamgeukia. "Mmoja kabeba mtoto. Kajifunga kitenge cha kijani."

Mama Neema akaweka sufuria chini, akatoka, hakurudi mpaka magharibi. Habari ya kitenge cha dada yake hakuwa amemsimulia mtu yeyote.

Tangu hapo Bibi aliwaona kila siku. Alitaka wamiminiwe chai. Vidole vyake vilichezea shuka kana kwamba anafumua wavu, mdomo ulimkauka, hata mkojo ukawa wa shida. Shangazi akasema ni majini ya ziwa, akafukiza ubani. Katika moshi ule hata mimi nilianza kuhesabu watu zaidi ya tuliokuwamo.

Asubuhi moja kitanda kilikuwa kitupu. Tulimkuta ufukweni, maji yamemfika kiunoni, Mama Neema, aliyezoea kwenda pale kila alfajiri, kamshika kanga kwa nguvu.

"Rudi, Mama. Kule hakuna mutu."

"Niache. Wanasema ng'ambo si mbali."

Mama Neema hakubishana tena. Alimbeba mgongoni moja kwa moja hadi zahanati, nasi nyuma yake.

Tabibu hakuuliza habari za majini. Aliuliza, "Anameza nini?"

"Dawa ya presha," Mama akajibu.

"Na nini tena?"

Bibi mwenyewe akafungua pindo la kanga yake, na vidonge vikamwagika mezani. Kabla ya hayo yote Bibi alikuwa ameugua mafua. Kwetu anayekwenda kumwona mgonjwa haendi mikono mitupu, na sukari ilipoadimika watu walileta dawa zilizowabakia. Jirani alileta za mafua. Mama Neema alileta alizopewa kambini. Shangazi alileta za usingizi. Bibi, kwa heshima, alimeza mbele ya kila aliyempa, akashukuru, akaendelea kumeza baada ya yeye kuondoka.

Tabibu akavitenga kwa kidole. "Hivi vyeupe na hivi vya njano ni dawa ileile ya mafua. Juu yake mkaweka ya usingizi." Akatutazama. "Nyie watu! Mnapokea dawa kama sambusa za futari? Mwili wa mzee hauitoi dawa upesi kama wenu. Ya jana haijatoka, ya leo inaikuta humo, ndipo anaona watu wasiokuwapo. Mngemzika, halafu mngelilaumu ziwa."

 Tabibu akazuia zile za kuletewa, ya presha akaiacha, akatuonyesha namna ya kumpa.

Wageni wa Bibi walipungua taratibu. Wa mwisho alikuwa yule mwenye kitenge. Siku alipoondoka, Bibi alimwambia Mama Neema kwa sauti yake ya kawaida, "Ameniaga. Kasema usimngoje tena ufukweni." Dawa inaeleza mengi, mwanangu. Hilo sijapata wa kunieleza.

Lakini usiliache hilo likupumbaze. Mzee wako akianza kuona watu au kupotewa na maneno, kabla ya kutafuta jini, tafuta alichomeza. Kusanya vyote, vya hospitali, vya dukani, vya mizizi na vya jirani, umpelekee tabibu avione kwa pamoja. Usimwachishe dawa yake kwa kubahatisha. Na mgeni akileta kidonge, mshukuru kwa moyo wote, kisha kiweke kando. Heshima yake haimo kooni mwa mgonjwa.

Mungu akujalie wazee wa kuwatunza. Nawe ukizeeka, akupe mtu wa kukushika mkono kabla hujameza usichokijua, na akurudishe nchi kavu kila utakapoitwa na maji. Amina.